Faiba Imeishia Sebuleni: Tumia Waya wa Dishi Uliomo Ukutani

Swali ni lile lile, linakuja kwa maneno tofauti. Faiba imeingia, fundi amefunga kisanduku sebuleni karibu na televisheni, na ukikaa kwenye kochi kila kitu kinafunguka papo hapo. Ukipanda ghorofani, au ukiingia chumba cha nyuma anakosomea mtoto, ukurasa unazunguka mpaka unakata tamaa. Wengi wenu mmeshanunua repita. Baadhi mmenunua ya pili, na bado mnauliza.

Jibu langu kwa kila mwenye nyumba iliyowahi kufungwa dishi ni hili: kabla hujatoa pesa tena, angalia matundu ya antena ukutani. Ule waya wa koaksia, mnene kama penseli, uliokuwa ukileta picha kutoka kwenye dishi, unaweza kubeba intaneti kwa kasi ambayo Wi-Fi ya kupenya kuta haitaikaribia. Kwa nyumba nyingi ndiyo njia ya mkato isiyohitaji patasi wala plasta mpya. Ila ina masharti, na ukiyaruka utapoteza pesa.

Mambo ambayo haitakufanyia

Nayaweka haya mbele kwa sababu ndiyo chanzo cha malalamiko mengi.

- Haiongezi kasi unayolipia. Kama kifurushi chako ni Mbps 20, chumbani zitafika Mbps 20, basi. Unachopata ni kwamba zinafika zote.
- Haifanyi kazi bila vifaa. Waya wa koaksia hauingii moja kwa moja kwenye ruta. Lazima uwe na adapta mbili, moja upande wa ruta na moja chumbani.
- Haishirikiani na dishi kwenye waya mmoja. Hili nitalirudia chini kwa kirefu.

Na kwa nini repita imekushinda? Nyumba zetu ni za tofali za saruji, na sakafu ya juu ni slabu ya zege yenye nondo. Mawimbi ya Wi-Fi yanachoka hapo, hasa yale ya 5 GHz ambayo ndiyo yenye kasi. Repita nyingi za bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ile ile moja, kwa hiyo kasi hugawanyika karibu nusu kabla haijakufikia. Tena nyingi huwekwa pale pale ambapo mawimbi yameshadhoofika, kwa hiyo zinarusha udhaifu huo huo.

Kwanza vuta waya

Kabla sijakuambia ununue adapta, nataka ufanye jaribio lisilo na gharama. Fungua soketi ya antena chumbani, shika waya, mwambie mtu mwingine ashike ncha ya pili, kisha mvutane taratibu. Ukiuona unateleza, maana yake umepitishwa ndani ya bomba, na hapo huhitaji adapta hata moja. Funga waya wa mtandao wa Cat6 kwenye ncha ya waya wa dishi, uzungushie gundi ya umeme vizuri pasiwe na kishungi cha kukwama, na uutumie waya wa zamani kuvutia mpya. Cat6 ni rahisi kununua, haina kifaa cha kuharibika, na inabeba gigabiti moja bila shida.

Usivute kwa nguvu zote. Waya ukikatika katikati ya bomba utakuwa umepoteza vyote viwili.

Kama hautikisiki, basi ulizikwa kwenye plasta au umefungwa kwa misumari juu ya dari, kama zilivyo nyumba nyingi. Hapo ndipo koaksia yenyewe inapoingia kazini.

Je, nyumba yako inafaa?

Pitia nyumba nzima, ikiwezekana pamoja na fundi aliyefunga dishi. Unatafuta mambo haya:

- Waya mmoja unaotoka karibu na ruta, na mwingine unaotoka chumba unachotaka kukipelekea intaneti.
- Mahali nyaya hizo zinapokutana. Nyumba nyingi zilivutiwa nyaya mbili au tatu kutoka kwenye dishi, moja ya kisimbuzi cha sebuleni na nyingine za vyumbani. Basi zinakutana juu, kwenye LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi. Nyumba nyingine zina spilita iliyofichwa darini.
- Aina ya waya. Soma maandishi kwenye ganda. RG-6 ndiyo nzuri. RG-59 ni nyembamba zaidi na hupoteza mawimbi zaidi, lakini kwa umbali wa kawaida wa nyumba mara nyingi inatosha.
- Je, dishi bado linatumika? Jibu kwa uhakika. Usikisie.

Swali la mwisho ndilo linaloamua. Adapta za MoCA, ambayo ndiyo teknolojia ninayoizungumzia hapa, kwa kawaida hutumia masafa ya MHz 1125 hadi 1675. LNB ya dishi hushusha picha kwa kisimbuzi kwa masafa ya MHz 950 hadi 2150. Yaani vinagombania njia moja. Juu ya hapo, kisimbuzi hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kupitia waya huo huo ili LNB ifanye kazi. Kwa hiyo waya unaotumika na dishi uache kama ulivyo. Tunachotumia ni waya uliostaafu: wa kile kisimbuzi cha chumbani ambacho hakijalipiwa tangu watoto waanze kuangalia video kwenye simu.

Kama unapokea televisheni kwa antena ya kawaida, ile ya mifupa ya samaki, hali ni tofauti. Tangu tuhamie dijitali (Tanzania ilianza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikafuata mwaka 2015) antena hizo hupokea masafa ya UHF yaliyo chini ya MHz 700. Hayo na MoCA yanaweza kupita kwenye waya mmoja bila kugombana, mradi uweke spilita inayofaa, na uweke filta upande wa antena ili mawimbi yako yasitoke nje. Ikiwa antena ina busta inayopata umeme kupitia waya, kisanduku cha umeme wake kikae kati ya antena na spilita, kisiwe upande wa adapta.

Wakazi wa fleti zenye dishi moja la pamoja juu ya paa, msiguse. Mtafuta picha ya jengo zima.

Vya kununua

MoCA ni kiwango kinachosimamiwa na muungano wa makampuni ulioanzishwa Marekani mwaka 2004, kwa ajili ya nyumba zilizojaa soketi za televisheni ya kebo. Kwa hiyo vifaa vimejaa huko, na huku kwetu ni nadra kuviona dukani. Wengi huagiza, au humpa ndugu anayekuja. Ukiagiza, taja toleo:

- MoCA 1.1 hufika karibu Mbps 170. Huuzwa mitumba. Ikiwa kifurushi chako ni cha Mbps 50 na umeipata kwa bei ndogo, itakufaa.
- MoCA 2.0 hufika karibu Mbps 400 hadi 500, na ile iliyounganishwa njia mbili hufika karibu gigabiti moja.
- MoCA 2.5 hufika hadi gigabiti 2.5. Hii ndiyo ninayopendekeza kwa anayenunua kipya. Huko Marekani jozi huuzwa kwa zaidi kidogo ya dola 100.

Kasi hizo hugawanywa kati ya adapta zote zilizo kwenye waya, na data hupokezana zamu kwenda na kurudi. Vilevile angalia tundu la ithaneti kwenye adapta: baadhi ya MoCA 2.5 zina tundu la gigabiti moja tu, na hapo moja ndiyo kikomo chako.

Mbali na adapta utahitaji:

- Konekta za F za kubana kwa kifaa maalumu, pamoja na kifaa chenyewe au fundi mwenye nacho.
- Jointi ya F kwa F, ile ndogo ya kuunganisha ncha mbili.
- Spilita, ikiwa vyumba ni zaidi ya viwili. Iwe imeandikwa 5–1675 MHz au zaidi. Zile za dukani zilizoandikwa 5–1000 MHz hukata masafa tunayoyahitaji.
- Vifuniko vya ohm 75 vya kuziba matundu ya spilita yasiyotumika.
- Waya mbili fupi za ithaneti. Cat5e inatosha.

Adapta iliyotoka Marekani ina plagi ya kwao. Kabla ya kuichomeka soma kibandiko cha chaja yake. Kikisema INPUT 100–240V, unahitaji kibadilishi cha plagi tu. Kikisema 120V peke yake, usiichomeke, itaungua. Tafuta chaja ya hapa yenye volti na ampea zile zile, na ncha isiyogeuza chanya na hasi.

Onyo kubwa kuliko yote katika ununuzi: kuna kiplagi kidogo cha bei ya soda, upande mmoja F na upande wa pili tundu la ithaneti. Kinauzwa kwa maneno matamu kwamba kinageuza koaksia kuwa intaneti. Hakina umeme wala chipu ndani yake. Hakifanyi chochote.

Na vile vigeuzi vya kamera za ulinzi, vinavyopitisha kamera ya IP kwenye waya wa zamani wa CCTV? Hivyo ni vya kweli, vinapatikana Kariakoo na Luthuli Avenue, na baadhi ya wasomaji wamevitumia nyumbani. Vingi vina kikomo cha Mbps 100 au chini yake. Kwa kifurushi kidogo vinafaa, lakini ulizia kasi halisi kabla ya kulipa, na unganisha jozi ya aina moja. Vivyo hivyo kuna adapta za G.hn, teknolojia nyingine ya kupitisha intaneti kwenye koaksia. Nazo ni nzuri, ila G.hn na MoCA hazielewani. Usinunue moja ya huku na moja ya kule.

Kutambua waya upi ni upi

Juu darini utakuta nyaya tatu nyeupe zinazofanana. Usibahatishe. Chukua mita ya umeme ya fundi na ufanye hivi:

1. Chomoa nyaya zote kwenye visimbuzi, televisheni na LNB. Pasibaki na kitu kwenye ncha yoyote.
2. Chumbani, tumia kipande cha waya mwembamba kugusanisha kiini cha katikati na ganda la chuma la konekta.
3. Juu, weka mita kwenye ohm na upime kila waya, ncha moja ya mita kwenye kiini na nyingine kwenye ganda. Ule utakaosoma ohm chache tu ndio wa chumba hicho. Nyingine zitasoma wazi.
4. Andika jina la chumba kwa kalamu juu ya plasta ya kubandika, na uibandike kwenye waya.
5. Toa kile kipande chumbani, pima tena. Sasa lazima usome wazi. Ukiendelea kusoma ohm chache, kuna mahali ndani ya ukuta waya umeumia, pengine kwa msumari wa picha au wa kabati. Waya huo hautufai.

Hatua ya tano hurukwa na wengi, halafu wiki nzima inaisha wakiilaumu adapta.

Kuunganisha

Ikiwa waya wa sebuleni na wa chumbani, zote mbili zikiwa zimestaafu, zinakutana kwenye LNB, zitoe zote mbili hapo na uziunganishe kwa jointi ya F kwa F. Sasa una waya mmoja mrefu kutoka sebuleni hadi chumbani. Ni hivyo tu. Vyumba vikiwa vitatu, weka spilita badala ya jointi: waya unaotoka kwenye ruta uingie kwenye tundu la IN, vyumba viingie kwenye OUT, na tundu lisilotumika lizibwe kwa kifuniko cha ohm 75.

Jointi hiyo usiiache nje juani na mvuani. Rudisha ncha ndani ya dari. Kama haiwezekani, izungushie gundi ya mpira inayojishika yenyewe, kisha uifungie mahali pasipotuama maji.

Sasa konekta, ambayo ndiyo roho ya kazi hii. Picha ya dishi huvumilia konekta mbovu kuliko intaneti inavyovumilia. Kata ncha ya zamani yote, hata kama inaonekana nzima. Mombasa, Tanga, Unguja na kwingine karibu na bahari, ukiikata utaona shaba ina kijani na nyuzi za fedha zimekuwa nyeusi. Endelea kukata kwa vipande hadi ufikie chuma kinachong'aa. Kisha:

1. Menya ganda la nje karibu milimita 12, bila kukata nyuzi zilizo chini yake.
2. Kunja nyuzi zote nyuma juu ya ganda. Hakikisha hata uzi mmoja haujabaki mbele.
3. Menya plastiki nyeupe ya ndani karibu milimita 6, kiini kibaki uchi. Usikikwaruze kwa kisu.
4. Sukuma konekta mpaka plastiki nyeupe ilingane na sakafu ya ndani ya konekta. Chungulia kwa mbele: uone nyeupe imekaa sawa, na kiini kimechomoza milimita 2 au 3 kupita ukingo.
5. Bana kwa kifaa chake. Vuta kwa mkono. Ikitoka, rudia.

Zile konekta za kuzungusha kwa vidole achana nazo. Na fundi akikuambia atasokota waya mbili pamoja na kuzungushia gundi ya umeme, mwambie hapana. Kwenye masafa haya jointi ya kusokota ni kama hakuna waya.

Mezani kwanza, ukutani baadaye

Usiende moja kwa moja ukutani. Chukua kipande kifupi cha koaksia, unganisha adapta mbili zikiwa mezani. Moja ichomekwe kwenye ruta kwa ithaneti, nyingine kwenye kompyuta. Taa ya koaksia ikiwaka kwenye zote mbili na kompyuta ikapata intaneti, vifaa ni vizima. Pima kasi, andika.

Kisha peleka adapta ya pili chumbani. Subiri dakika moja au mbili zitambuane. Pima tena kwa kompyuta iliyochomekwa kwa waya, si kwa simu ya Wi-Fi. Namba mbili zikikaribiana, umemaliza. Ikiwa taa haiwaki kabisa, tatizo liko kwenye waya, konekta au spilita, na unalijua bila kubahatisha kwa sababu mezani ilikubali. Ikiwaka lakini kasi imeanguka sana, anza na konekta, kisha utafute spilita ya zamani iliyosahaulika darini. Spilita ya njia mbili hupunguza mawimbi karibu desibeli 3.5, ya njia nne karibu 7. Zikifuatana mbili tatu za zamani, adapta inabaki kusikia mnong'ono.

Kupata Wi-Fi chumbani

Adapta nyingi zina tundu la ithaneti tu. Televisheni na kompyuta huchomekwa moja kwa moja. Kwa simu, tumia ruta ya zamani iliyolala kabatini:

1. Ichomeke kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio yake.
2. Ibadilishie anwani isigongane na ruta kuu. Kama ruta kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2.
3. Zima DHCP. Ukiisahau hatua hii, vifaa vitapewa anwani na ruta mbili, na nyumba nzima itaanza kukatika ovyo.
4. Ipe jina la Wi-Fi na neno la siri sawasawa na la sebuleni, ili simu ihame yenyewe.
5. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli tofauti na ya sebuleni, kati ya 1, 6 na 11.
6. Waya kutoka kwenye adapta uingie tundu la LAN, si lile la WAN.

Kama ruta yako ina chaguo la kuigeuza kuwa kituo cha Wi-Fi kwa kubonyeza mara moja, tumia hilo na hatua nyingi zitajifanya zenyewe. Ila angalia matundu yake: ruta nyingi za zamani huishia Mbps 100.

Makosa ninayokutana nayo mara kwa mara

- Kununua adapta moja tu. Ni lazima ziwe mbili, isipokuwa ruta yako ina MoCA ndani yake.
- Kuunganisha adapta zote mbili kwenye ruta ile ile au swichi ile ile. Data inazunguka bila kutoka, na mtandao mzima unasimama.
- Kuacha kisimbuzi kimechomekwa kwenye waya ule ule "kwa muda tu".
- Kuacha amplifaya ya televisheni katikati ya njia. Nyingi hupitisha masafa upande mmoja na huzuia MoCA kabisa.
- Kukunja waya kona kali nyuma ya kabati mpaka unavunjika ndani.
- Kuacha neno la siri la adapta kama lilivyotoka kiwandani, au kutokuliweka kabisa.

Radi na jirani

Waya wa koaksia uliobaki umefungwa kwenye dishi juu ya paa ni njia ya radi kuingia hadi kwenye ruta na kompyuta yako. Wa ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Bukoba na Mwanza hadi Kisumu na Kampala, mnajua radi za huko zilivyo. Kwa hiyo kutenganisha waya na dishi si suala la mawimbi pekee. Ukiona fundi ameunganisha jointi huku waya wa tatu bado unapanda kwenye dishi, mrudishe juu. Dishi linalobaki kutumika liwe na waya wake wa ardhi, na waya wa intaneti upite mbali nalo.

Jirani naye anahusu pale ambapo koaksia inatoka nje ya nyumba yako, kwa mfano kwenye majengo ya Nairobi ambako Zuku ilifikisha huduma kwa waya wa koaksia. Mawimbi ya MoCA hayaishii mlangoni. Anayeishi upande wa pili akiwa na adapta anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako. Dawa ni mbili, zote zitumike: washa usimbaji na uweke neno lako la siri kwenye adapta zote, na funga filta ya MoCA mahali waya unapoingia nyumbani. Filta hiyo ni kiduara cha chuma kidogo kama jointi. Huruhusu masafa ya chini kupita na huyarudisha ya MoCA ndani, kwa hiyo huongeza hata nguvu ya mtandao wako.

Kwa mlio Marekani na Kanada

Ninyi kazi yenu ni nyepesi zaidi, kwa sababu nyumba nyingi huko zina soketi ya koaksia kila chumba, na intaneti yenyewe mara nyingi huja kwa waya huo huo. Ila mna mitego yenu.

- Angalia kwanza kama ruta ya kampuni ina MoCA ndani. Ruta nyingi za Verizon Fios na baadhi ya zile za Xfinity zinayo. Ikiwa ipo, iwashe kwenye mipangilio na ununue adapta moja tu ya chumbani. Ukinunua mbili na kuchomeka moja kwenye ruta hiyo hiyo, utatengeneza ule mzunguko niliousema.
- Filta ya MoCA kwenye mlango wa waya wa kampuni ni lazima. Ifungwe kwenye tundu la IN la spilita ya kwanza.
- Modemu za intaneti ya kebo za DOCSIS 3.1 zinaweza kutumia masafa hadi MHz 1218, na MoCA huanzia 1125. Ikiwa modemu inaanza kukatika baada ya kufunga adapta, weka filta ya pili kwenye modemu yenyewe.
- Kama una dishi la setilaiti, sharti la mwanzo liko pale pale.
- Fleti ya kupanga: kisanduku cha spilita kinaweza kuwa kwenye chumba cha jengo kisichofunguliwa na mpangaji. Zungumza na ofisi kwanza. Usikifungue mwenyewe.

Maswali yaliyobaki

*Umeme ukikatika?* Adapta zote mbili zinahitaji umeme. Kama ruta yako iko kwenye UPS ndogo, angalia volti ya adapta. Ikiwa ni sawa na ya ruta na UPS ina tundu la pili, ichomeke hapo. Chumbani utahitaji UPS nyingine, la sivyo sebule itakuwa na intaneti na chumba kitakuwa gizani.

*Michezo na mikutano ya video itachelewa?* Adapta huongeza milisekunde chache tu, kati ya 3 na 5. Hutaziona. Ukilinganisha na repita inayosikia nusu ya maneno, mikutano itatulia.

*Si afadhali nitumie waya za umeme za nyumba?* Adapta za aina hiyo zipo. Zinategemea jinsi umeme ulivyogawanywa, na nyumba ikiwa na fezi tatu, chumba kinaweza kuwa fezi nyingine na kasi ikaanguka. Friji na pampu za maji nazo hupiga kelele kwenye nyaya hizo. Kama koaksia ipo, anza na koaksia.

*Nimepanga, mwenye nyumba atakubali?* Hubomoi kitu, na siku ya kuhama unachomoa adapta zako na kurudisha nyaya kwenye dishi. Mwombe ruhusa ya kupanda darini, piga picha ya jinsi nyaya zilivyokuwa kabla ya kugusa chochote, na ile plasta yenye majina ya vyumba uiache pale pale. Atakayekuja baada yako ataihitaji.

*Ninajenga sasa hivi, nilaze koaksia?* Laza bomba. Kutoka kila chumba hadi sehemu moja karibu na itakapoingia faiba, bomba la milimita 25, kona zake ziwe pana, na ndani uache kamba ya kuvutia. Pitisha Cat6 mbili kwa kila chumba, na koaksia moja kwa ajili ya dishi. Fanya hivyo kabla fundi plasta hajafika, na umlipe fundi umeme siku hiyo hiyo azipime zote kabla hazijafunikwa.